Kukalibreti kamera kwa kuizungusha tu, bila karatasi ya miraba

Haya jamani hamjambo, leo tuko juu ya paa hapa Mji wa Kale, Mombasa, na ntawaonyesha vile unakalibreti kamera, yani kupata vipimo vya ndani vya kamera na lenzi yake, kwa kuizungusha peke yake, ile karatasi ya miraba myeusi na myeupe iacheni nyumbani. Hii njia Richard Hartley, mtafiti wa hesabu za picha za kamera, aliiandika 1994 na mpaka leo yafanya kazi vizuri sana.

Twatafuta matriksi K, yani jedwali la namba lenye urefu wa fokasi kwa pikseli, fx kwa upana na fy kwa kimo, na ile pointi ya katikati ambapo mhimili wa lenzi wapita kwenye picha. Kamera ikizunguka bila kuhama hata kidogo, picha mbili zaungana kwa homografia moja, yani matriksi H inayohamisha kila pointi ya picha moja hadi ya pili, H = K R K⁻¹, R ni ule mzunguko wa kamera, kitu kiwe mbali kiwe karibu. Hapo kwa "bila kuhama" ndo watu wengi huharibu.

Kabla ya yote funga fokasi, funga zumu, na stabilaiza, ile ya kutuliza picha, zima kabisa, maana hio hucheza na lenzi ama hukata picha na K yako yabadilika kila ukibonyeza.

Sasa tripodi. Kamera izunguke pale ndani ya lenzi mwanga unapokutana, sio kwenye skrubu ya chini. Angalia hapa, nimepanga kamba ya kuanikia nguo ilingane na mnara wa msikiti kule nyuma, nageuza kamera polepole... mmeona kamba imeuacha mnara? Basi naisogeza kamera nyuma kidogo, nageuza tena, mpaka viwili hivi visiachane. Tena msidharau: ukikosea sentimita 5 tu na ukageuza digrii 20, lenzi imehama kama sentimita 1.7, na kwa urefu wa fokasi wa pikseli 3000 kitu cha mita 2 kitaruka pikseli kama 26, lakini cha mita 100 nusu pikseli tu. Ndo maana nimepanda huku juu, kule chini vichochoroni kila ukuta uko puani.

Elekeza kwenye kuta za Ngomeni, yani Fort Jesus, ama majumba ya ng'ambo Nyali, baharini usielekeze, mawimbi na mashua hazitulii. Na kusi likivuma shikilia tripodi.

Piga picha kama 12, kila moja ipandane na mwenzake karibu nusu. Geuza kulia kushoto, kisha inamisha juu na chini, kisha ilaze kamera ubavu kidogo. Tafadhali hii msiiruke, ukigeuza kulia kushoto peke yake fy haipatikani, hesabu yakubali fy yoyote ile.

Kwenye kompyuta tumia OpenCV, maktaba ya programu za picha: tafuta pointi kwa ORB ama SIFT, njia za kutambua alama kwenye picha, linganisha za picha mbili, ita findHomography ikupe H, na RANSAC ya pikseli 3, yani itupe pointi zilizolingana vibaya. Kila H igawanye kwa kipeuo cha tatu cha determinanti yake ili determinanti iwe 1, halafu KKᵀ = H KKᵀ Hᵀ inakuwa mlinganyo wa kawaida tu, wautatua upate KKᵀ, kisha Cholesky, njia ya kuigawa matriksi, yakutolea K. OpenCV inayo hesabu hii tayari, calibrateRotatingCamera, waipa orodha ya H zako. Ikirudisha False, usihangaike na programu, rudi kwenye picha, mara nyingi kuna H mbovu umeiingiza, itoe ujaribu tena.

Mwisho kagua. Picha ya 4000 kwa 3000, ile pointi ya katikati itoke karibu na 2000 na 1500, na fx na fy zikaribiane. Kisha zungusha duara zima ujumlishe pembe: zikizidi 360 urefu wa fokasi umeupata mfupi mno, zikipungua ni mrefu mno. Zikifunga sawa, hifadhi K na uandike pembeni zumu gani na fokasi gani, ukigusa kimoja wapiga picha upya.