Sufu Machoni, Mbuzi Guniani

Mliowahi kunisikia mnajua nitakapoanzia, mnivumilie. Nimetoka kusahihisha madaftari yenu ya kutafsiri Kiingereza, na nimekutana naye tena yule bwana "aliyevutiwa sufu juu ya macho", yaani "pull the wool over his eyes" neno kwa neno, wakati maana yake ni kudanganywa. Sufu! Kijana kazaliwa Temeke, kakulia Temeke, hiyo sufu kaiona wapi? Mtaani kwake mtu akifanyiwa hivyo wanasema kapigwa changa la macho, na hata mtoto anaelewa. Mwingereza anaziba macho kwa sufu, sisi kwa mchanga. Hata "hoodwink" yao ya karne ya 16 ni hayo hayo: kumfunika mtu kichwa asione.

Mwingine kaniletea "kununua nguruwe ndani ya mfuko", ile "pig in a poke" yao, na habari yenyewe ni ya soko la Unguja. Mbuzi kwenye gunia tunaye siku zote, nguruwe wa nini?

Najua kuna anayenong'ona huko nyuma: mwalimu, si tuandike "alitapeliwa" yaishe? Hayaishi. Sikilizeni kisa cha William Thompson wa New York.

Huyu alikuwa anavaa vizuri, anamfuata mtu barabarani na kumchangamkia kana kwamba wanajuana. Yule mtu, kwa haya tu, anaona aibu kusema "sikukumbuki", naye anaitikia. Wanapiga soga kidogo. Halafu Thompson anamuuliza: una imani nami kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Hanyang'anyi, jamani, anauliza! Na watu walikuwa wakivua saa wanampa. Mmoja alimpa saa ya dhahabu ya dola 110, akasubiri hiyo kesho isiyofika. Baadaye akamwona njiani, akamwita polisi, na Julai 1849 Thompson akakamatwa. Magazeti yakamwita "confidence man", mtu wa imani. Baadaye neno likakatwa, ikabaki "con man", yaani tapeli.

Mtasema ya 1849 yanatuhusu nini. Toeni simu zenu. "Ile hela itume kwenye namba hii." Hajataja jina, wala hajasema hela ipi. Anaandika kama mtu mliyeachana naye jana, nawe unaanza kujiuliza ni fundi au ni shemeji. Ni Thompson huyo, sema siku hizi haulizi saa.

Sasa tazameni majina. Kiingereza kimemwita huyu mtu kwa kile anachopewa, yaani imani. Sisi tukisema "nimelizwa", tunatazama machozi. Tukisema "kaingizwa mjini", tunamwona mgeni kashuka stendi na begi lake, anatafuta wa kumwelekeza. Na tukisema kapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, hebu fikirini hiyo chupa: inateleza mgongoni, baridi, raha tupu, na mafuta yote yamo ndani, halijamwagika hata tone. Ukiandika "alitapeliwa" kwa yote haya, umeandika hesabu ya hasara tu. Hujasema aliibiwa akiwa anacheka au akiwa anasinzia. Muulize kwanza mwandishi wako anatazama nini, macho, imani, mzigo au machozi, ndipo ufungue kamusi.

Muda umekwisha? Basi haraka. "Sold down the river" msilifanyie mzaha, limetoka kwa watumwa wa Marekani waliouzwa kwenye mashamba ya chini ya mto Mississippi, "kusaliti" linatosha. "Gyp", yaani kutapeli, liacheni kabisa, ni tusi kwa kabila la watu, Waroma, wale walioitwa "Gypsy".

Na "gaslight", la mchezo wa jukwaani wa London wa 1938, mume anayeficha vitu vya nyumbani kisha anamwambia mkewe ni wewe umevipoteza, akili zimekuruka, huku taa za gesi zikififia kila anapopekua ghorofa ya juu kwa siri. Hili limenishinda miaka yote. "Kumtia mtu wazimu" limezidi, "kumzuga" limepungua. Mwenye neno la nyumbani kwao anione hapo nje, chai juu yangu.