Ukiwasha Torenti Intaneti Inakwama? Anza na Upande wa Kupakia

Tazama upande wa kushoto wa skrini yangu. Programu ya torenti, ile inayochukua vipande vya faili kwa watumiaji wengine huku ikiwagawia ilivyo navyo, inapakua faili la kusakinishia Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kasi yake si haba. Sasa hamia kulia, kwenye kivinjari. Nimebofya ukurasa wa maandishi matupu, hauna picha wala video, na bado kile kiduara kinazunguka tu. Nusu dakika imepita. Nasimamisha torenti, hesabu pamoja nami: moja, mbili... umefunguka.

Kama hilo ndilo linalokupata, tuko pamoja. Kama kwako kila kitu kinakimbia isipokuwa torenti yenyewe, hiyo ni shida nyingine; nitaigusa mwishoni.

Kabla hatujagusa mpangilio wowote, nikiri jambo. Mimi niliteseka na hali hii miezi kadhaa. Nilipiga simu kwa mtoa huduma, nikalalamika, nikaambiwa laini ni nzima, sikuamini. Nikanunua ruta mpya. Ilikwama vilevile. Kumbe aliyekuwa akiisonga laini ni kompyuta yangu mwenyewe, iliyokuwa ikigawia watu mafaili usiku na mchana bila kikomo chochote. Nilikuwa nikitazama namba ya kupakua kila siku, na ile ya kupakia, yaani ya data inayotoka kwangu kwenda nje, sikuwahi kuitupia jicho.

Haya, tupime. Kwanza laini ikiwa tupu, na ninaposema tupu namaanisha programu ya torenti imefungwa kabisa. Hapa wengi hukosea. Ukibofya ule msalaba wa juu, mara nyingi dirisha ndilo linalojificha, programu inabaki hai. Angalia pembeni mwa saa, kwenye vile vialama vidogo. Ukiiona imejibanza pale, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague kutoka.

Imefungwa? Sasa fungua dirisha la amri. Kwenye Windows andika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha andika hivi: ping, acha nafasi, 8.8.8.8 (anwani ya seva ya Google), acha nafasi, kistari na herufi t. Wenye Mac au Linux hamhitaji ile t, kwenu amri hiyo huendelea yenyewe mpaka muizime. Bonyeza Enter.

Unachokiona, nami nitakiita pingi, ni muda ambao pakiti moja ndogo, yaani kipande cha data, inachukua kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Kwangu inasoma 31, 29, 33. Namba yako inaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko hiyo, haidhuru. Cha kutazama ni kama imetulia.

Liache dirisha hilo wazi. Washa torenti na uiache ichangamke dakika mbili tatu. Tazama sasa: 180... 420... 760... 940. Na hapa pakiti moja imepotea njiani kabisa. Laini ileile, ruta ileile, mtoa huduma yuleyule, ila kila kitu unachokiomba kinakaa karibu sekunde nzima kikisubiri zamu. Na ukurasa mmoja wa tovuti huenda na kurudi mara nyingi kabla haujakamilika, kwa hiyo sekunde moja inazaa nyingine.

Sasa jaribu hili, na ndilo jaribio linalokata mzizi. Usiisimamishe torenti. Weka kikomo kwenye kupakia peke yake (pa kukiweka nitapaonyesha hapo chini), tuseme kilobaiti 50 kwa sekunde, na kupakua ukuache bila kikomo. Nafanya hivyo... na pingi inashuka: 610, 210, 60, 38. Kupakua kunaendelea kwa nguvu kama awali, na kivinjari kimepona. Kwa hiyo hapa kwangu kilichokuwa kikiisonga laini ni kile kinachotoka.

Kwa nini? Data inakuja kwako ikiwa imekatwa vipande, zile pakiti. Kompyuta yako ikizipokea hurudisha ujumbe mfupi wa kusema zimefika. Aliye upande wa pili asipoupata ujumbe huo kwa wakati, hupunguza mwendo. Fikiria bohari yenye lango kubwa la kuingizia mizigo na kimlango kidogo cha nyuma cha kutolea stakabadhi. Lori halileti mzigo mwingine mpaka stakabadhi ya mzigo uliotangulia itoke. Torenti ikikijaza kile kimlango kwa vifurushi vyake, stakabadhi zinakwama ndani, na malori yanapanga foleni nje ingawa lango kubwa liko wazi. Laini nyingi za nyumbani zimejengwa hivyo: kupakua kupana, kupakia kwembamba.

Kuna na tabia ya ruta inayozidisha ubaya. Badala ya kutupa pakiti zinazozidi, huzilundika kwenye foleni yake ya ndani, na foleni hiyo inaweza kuwa ndefu ajabu. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys aliupa ugonjwa huu jina, bufferbloat, baada ya kuukuta nyumbani kwake mwenyewe. Kwa hiyo ukikutwa nao usione haya, umewakuta na wataalamu.

Twende kwenye dawa. Tunahitaji namba moja, nayo ni kasi yako halisi ya kupakia. Funga tena torenti, fungua tovuti yoyote ya kupimia kasi, pima mara tatu, chukua matokeo ya katikati. Usichukue namba iliyoandikwa kwenye tangazo la kifurushi chako. Na usipime torenti ikiwa inaendelea, maana utakuwa unapima makombo.

Kwangu kupakia kumekuja megabiti 4 kwa sekunde. Megabiti, si megabaiti! Tovuti za kupimia huhesabu kwa biti, programu ya torenti huhesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 4 ni kama kilobaiti 500. Tusiitumie yote, tuchukue asilimia 80 hivi, zinabaki 400. Ukichoka na hesabu, kuna njia ya mkato: namba ya megabiti uliyopata, iongezee sifuri mbili. 4 inakuwa 400, 10 inakuwa 1000. Hicho ndicho kikomo chako kwa kilobaiti.

Mimi natumia qBittorrent, kwa hiyo naingia Tools, kisha Options, halafu Speed. Kwenye kisanduku cha kupakia naandika 400. Sifuri hapo maana yake hakuna kikomo, ndiyo maana wengi wanateseka bila kujua. Hapo chini pia kuna visanduku vya kuweka alama ili kikomo kihusu na itifaki ya uTP, njia mojawapo ya torenti ya kusafirishia data, pamoja na data za ziada zinazobeba faili. Viwekee alama. Ukiviacha, kikomo chako kitakuwa na mwanya wa kuvuja. Transmission, Deluge na nyinginezo zina sehemu kama hii, majina tu ndiyo yanayotofautiana.

Rudi kwenye dirisha la pingi. Mstari umetulia? Vizuri. Bado unaruka hadi mia mbili tatu? Punguza hadi asilimia 70, subiri dakika moja, tazama tena. Nenda taratibu hivyo hivyo, macho kwenye pingi.

Ila usipitilize. Najua kuna mtu tayari amewaza: basi niweke 1, nisimpe mtu chochote. Torenti ina kumbukumbu, ndugu yangu. Tangu Bram Cohen aibuni BitTorrent mwaka 2001, mfumo wake umejengwa juu ya nipe nikupe. Programu za wenzako hukagua kila baada ya sekunde kama 10 nani anawapa kwa kasi, na hao ndio wanaopewa kwanza. Ukibana mkono sana, na wewe utabaniwa.

Kupakua je? Ukiwa peke yako nyumbani, mara nyingi unaweza kukuacha. Kama kuna mwingine anayetazama video au aliye kwenye kikao cha mtandaoni, weka kikomo huko pia kwa hesabu ileile. Na jifunze kutumia vikomo mbadala: qBittorrent ina kialama cha kasi chini ya dirisha, Transmission ina kobe. Bofya mara moja, mwendo unashuka, bofya tena, unarudi. Unaweza hata kupanga saa, mchana kobe na usiku duma.

Sasa kuna dalili nyingine inayofanana na hii lakini chanzo chake ni tofauti. Pingi iko shwari, kurasa zilizokwisha kufunguka zinaendelea vizuri, lakini kurasa mpya hazifunguki, au ruta inaganda kabisa mpaka uizime na kuiwasha. Hapo shaka yangu ya kwanza ni idadi ya miunganisho. Ruta huweka daftari la kila muunganisho unaopita ndani yake, na ruta ndogo ina daftari dogo. Torenti moja yenye shughuli inaweza kuzungumza na mamia ya watu kwa pamoja. Daftari likijaa, mgeni mpya haandikwi. Kwenye Options, ukurasa wa Connection, shusha jumla ya miunganisho hadi 200, na kwa kila torenti weka 50. Hutapoteza kasi ya maana. Watu 50 wanaotoa vizuri wanakutosha sana.

Wi-Fi sitakaa nayo muda mrefu. Chukua kebo, iunganishe kompyuta moja kwa moja na ruta, rudia kipimo. Kukiwa na tofauti kubwa, tatizo liko hewani. Hamia bendi ya gigahezi 5 kama uko karibu na ruta, au kama huna budi kubaki kwenye 2.4, tumia chaneli 1, 6 au 11. Kumbuka tu kwamba kwenye Wi-Fi vifaa hupeana zamu ya kusema, kwa hiyo kompyuta inayopakia bila kupumua inawanyima wengine hata nafasi ya kuomba.

Umefanya yote hayo, torenti umeifunga, na pingi bado inapanda? Basi mla kasi ni mwingine. Kwenye Windows andika resmon, fungua ukurasa wa mtandao, panga safu ya kutuma kutoka kubwa kwenda ndogo. Aliye juu ndiye mtuhumiwa. Mara nyingi ni programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Wakati mwingine ni Windows yenyewe, kwa sababu ina huduma iitwayo Delivery Optimization ambayo inaweza kuwagawia masasisho watu wengine kupitia laini yako. Utaikuta kwenye mipangilio ya kina ya Windows Update, na unaweza kuizima. Usisahau simu: simu inayopandisha picha na video za mwezi mzima inaisonga laini kama torenti yoyote, na haitaonekana kwenye kompyuta yako.

Wenye ruta inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, mna njia bora kuliko zote hizi: sakinisha SQM, kisimamizi chake cha foleni, chagua humo mbinu iitwayo CAKE, iambie kasi yako halisi, na foleni itasimamiwa hapohapo kwenye ruta kwa kila kifaa kilichomo ndani ya nyumba. Hiyo inahitaji video yake.

Nilikuahidi ile shida ya pili, torenti inayojikokota peke yake. Kabla hujalaumu laini, tazama ni wangapi wanaogawa faili hilo likiwa kamili. Akiwa mmoja, kasi yako ni kasi yake, basi. Ili kujiridhisha, pakua torenti ya Debian au Ubuntu, ambazo huwa na wagawaji wengi. Hiyo ikikimbia, kompyuta yako haina kosa. Ikijikokota nayo, weka kipanya juu ya kile kialama cha hali ya muunganisho chini ya dirisha. Kikikuambia watu wa nje hawawezi kukufikia, washa UPnP, inayoiruhusu programu kujifungulia poti, yaani mlango wa kuingilia kwenye ruta; iwashe kwenye ruta na kwenye programu, au fungua poti kwa mkono.

Lakini kwanza ingia kwenye ukurasa wa ruta usome anwani yake ya upande wa nje. Ikianza na 100, na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayoifungua haitamfikisha mtu kwako. Usipoteze jioni nzima hapo kama nilivyopoteza mimi. Torenti itaendelea kufanya kazi, ila wewe ndiye utakayekuwa ukiwapigia hodi wengine.

Na kama torenti imefungwa, simu zote zimetolewa kwenye Wi-Fi, kompyuta iko kwenye kebo, na bado laini tupu inasuasua, hapo ndipo mahali pa kumpigia simu mtoa huduma. Andika kwanza pingi ya laini tupu, kasi ya kupakua na kasi ya kupakia, pamoja na saa uliyopima kila moja. Mwambie pia umepima kwa kebo, maana hilo ndilo swali atakaloanza nalo.