Mkulima wa Korosho, Tabaka Lake na Nafsi Yake
(Mhadhara kwa wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa korosho, Newala, Mtwara)

Wazee wangu shikamooni. Ndugu wanachama, walimu na vijana, habari za saa hizi.

Wapo wanaosema Umarx, yaani mafundisho ya mwanafalsafa Karl Marx juu ya matabaka, humfuta mtu, kwamba mbele ya tabaka mtu binafsi si kitu. Nakataa, na hoja yangu naianzia kwa wakulima.

Mwaka 1848 wakulima wadogo wa Ufaransa walimpigia kura kwa wingi Louis Bonaparte, mtu ambaye mtaji wake mkubwa ulikuwa jina la baba yake mkubwa, Napoleon. Desemba 1851 akalivunja bunge kwa nguvu ya jeshi. Mwaka uliofuata Karl Marx akaandika kwamba wakulima wale walikuwa kama viazi ndani ya gunia. Dhiki yao moja, maisha yao ya aina moja, lakini kila mmoja na shamba lake, bila chombo cha kuwaunganisha. Kwa dhiki walikuwa tabaka, kwa umoja hawakuwa. Walishindwa kujisemea, wakapata wa kuwasemea, naye akawa bwana wao.

Sasa tuje kwetu. Julai 1905, Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi kule Kilwa, watu waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa amri ya Wajerumani. Hasira ile Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, hakuiumba, aliikuta vifuani mwa watu, imewekwa humo na viboko, kodi na kazi ya shuruti. Yeye aliipa dawa moja, maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na imani ile ikavuka mipaka ya koo na makabila. Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Vita hiyo, Vita ya Maji Maji, haikuzimika. Ilifika Liwale, Songea, Mahenge, ikaendelea hadi 1907.

Hapo ndipo namwona mtu binafsi kama Marx alivyomwona: watu huitengeneza historia yao wenyewe, ila katika hali waliyoirithi. Bila pamba ya shuruti, Kinjikitile angebaki mganga wa kwao. Bila yeye, naamini hasira ingewaka huku na kule na kuzimwa kijiji kwa kijiji. Lakini tusijidanganye. Hisia za pamoja, hata zikiwa za haki kabisa, hazikuzuia risasi, wala hazikuzuia njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Njaa ile iliua watu wengi kuliko bunduki.

Na sisi wa korosho je? Mtazameni mama mwenye mikorosho yake. Februari ndani hakuna unga, mtoto anadaiwa michango. Jirani anakuja jioni na pikipiki, anatoa fedha leo kwa korosho za Oktoba, mikorosho haijatoa hata ua, na atakuja kuzipima kwa bakuli, si kwa mizani. Hiyo ndiyo kangomba, mnaijua kuliko mimi. Tunamlaumu mama kwamba hana subira. Mimi simlaumu. Uamuzi ni wake, ila njaa ya Februari ni ya kijiji kizima, na kila nyumba inapambana nayo peke yake, mlango umefungwa. Tena mwenye bakuli mara nyingi ni mkulima mwenzetu, tunaswali naye, tunazikana naye. Mpaka wa kitabaka haupiti Dar es Salaam tu, unapita katikati ya kijiji, na hilo ndilo gumu kulisema mkutanoni.

Mwaka 2018 wakulima wa huku walizikataa bei za mnada. Kukataa kule kulikuwa kitendo cha tabaka linaloanza kujitambua, nami nakiheshimu sana. Kisha Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Silinganishi kiongozi wetu na Bonaparte yule, nalinganisha nafasi ya mkulima. Alikataa yeye, lakini bei mpya aliisikia redioni.

Marx na mwenzake Friedrich Engels waliandika mwaka 1848 kwamba uhuru wa kila mmoja kukua ndio sharti la wote kukua. Kila mmoja, jamani! Chama cha msingi ambacho mama yule anaogopa kusimama na kuuliza juu ya makato ya fedha za korosho zake bado hakijawa chombo cha tabaka lake, hata kama jina lake limo kwenye daftari. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza maswali, naanza mimi: nani hapa aliwahi kuomba karatasi ya makato isomwe mstari kwa mstari mbele ya mkutano mkuu, na alijibiwa nini?