Kukata duara kwa ruta: biti ina kingo mbili

Haya jamani, walioko nyuma sogeeni, ruta, hii mashine ya kuchonga mbao, ikishawaka hamtanisikia tena. Jigi yenyewe, hiki kifaa cha kuongozea ruta, haina maajabu, ni bikari tu, mguu mmoja msumari na mguu mwingine ruta. Unachukua plaiwudi ya milimita 6, unafungua ile sahani ya plastiki ya chini ya ruta unaitumia kuchorea matundu ya skrubu, unatoboa pa kupitisha biti, yaani kile kisu kinachozunguka, kwisha. Zile za dukani zinazong'aa mi naona ni urembo zaidi.

Kazi ipo kwenye kupima. Wengi wanapima toka kwenye msumari mpaka katikati ya biti halafu meza ikitoka ndogo wanalaumu mashine, wakati biti ina unene wake. Tuseme unataka uso wa meza wa kipenyo cha milimita 600, nusu yake 300, na biti yako ni ya 12. Hapo unachobakiza ni duara lenyewe, kwa hiyo 300 inaishia kwenye ukingo wa biti ulio karibu na msumari, katikati ya biti inakaa 306. Ila ukitaka tundu la kipenyo hichohicho, duara ndo la kutupa, unapima mpaka ukingo wa mbali, katikati inarudi 294. Ukichanganya hizo mbili kipenyo kinakosea milimita 24, na tundu likishazidi hakuna msasa wa kulirudisha.

Biti ukiitazama kwa juu inazunguka kama saa, kwa hiyo ukibakiza duara peleka ruta kinyume cha saa, ukibakiza tundu peleka kama saa. Shusha milimita 3 mpaka 5 kila mzunguko, usizamishe yote kwa pamoja, na usisimame njiani maana mbao inaungua.

Sasa mzunguko wa mwisho, hapa ndo nawataka. Mpaka hapo msumari ulikuwa umeshikwa na ubao mzima, lakini biti ikitokeza chini kile kipande chenye msumari kinabaki huru, kinacheza, kinaingia kwenye biti na kazi yako yote inapata kovu dakika ya mwisho. Kwa hiyo weka ubao wa kutupa chini, ubane nje kwa klampu na ndani kwa mkanda wa gundi wa pande mbili, au acha milimita 1 bila kukata, malizia na jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, halafu usawazishe kwa biti yenye beringi, ile yenye kigurudumu cha kufuata ukingo, mi hii ya pili ndo naipenda.

Na tundu la msumari liwe upande wa chini wa meza, lisitokeze juu. Waya upitishe begani usijizungushie kwenye jigi. Miwani, barakoa, vizibo vya masikio, nani anaanza?