Nahodha Aliyejua Kuomba

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, na nyie mabinti mliotoka mazoezini moja kwa moja na vumbi bado magotini, karibuni.

Mratibu kaniomba nizungumzie unahodha. Nimemchagua Rachael Heyhoe Flint, aliyekuwa nahodha wa kriketi ya wanawake wa Uingereza, na nitaanza na pesa, maana hapa Dar tukikaa kuongelea kriketi ya wanawake, hela haichelewi kuingia.

Kombe la Dunia la kriketi la wanaume lilianza 1975. La wanawake lilichezwa 1973. Ndiyo, wanawake walitangulia! Heyhoe Flint, mwalimu wa michezo kutoka Wolverhampton, alikuwa na rafiki tajiri wa mji huohuo, Jack Hayward. Wakazungumza, wazo likazaliwa, Hayward akatoa pauni 40,000. Kwa wakati ule zilikuwa hela haswa. Mechi ya mwisho, Julai 28 uwanja wa Edgbaston, Uingereza iliishinda Australia kwa mikimbio 92. Enid Bakewell alipiga 118, nahodha 64, kombe likabaki nyumbani.

Msidhani alikuwa hodari wa maneno tu. Mwaka 1963, pale uwanja wa The Oval, London, alipiga sita ya kwanza, yaani mpira uliovuka mpaka bila kugusa chini, katika mechi za Test za wanawake, zile za kimataifa za siku kadhaa. Na nyie wapigaji, hii muisikilize vizuri: 1976, uwanja uleule, Australia wamewabana, yeye kasimama kwenye wiketi zaidi ya saa nane na nusu. Mikimbio 179. Mechi ikaisha sare. Kwetu mtu akikaa ova mbili juani, mipira kumi na miwili tu, keshaita maji. Tangu apewe timu 1966, hakupoteza mechi ya Test hata moja akiwa nahodha.

Pamoja na hayo, 1977 akavuliwa unahodha, na 1978 Kombe la Dunia lilipochezwa India, timu ikaenda bila yeye. Mashindano aliyoyahangaikia mwenyewe! Naona viongozi wa vyama hapo mbele mnatazamana. Mnayajua haya. Hakususa lakini, 1982 alikuwa New Zealand, anacheza Kombe la Dunia.

Kuna la Lord's, uwanja mashuhuri wa kriketi wa London. Agosti 1976 aliongoza wanawake kucheza pale kwa mara ya kwanza. Wenye uwanja ni MCC, klabu ya tangu 1787, na mwanamke hakuwa na haki ya uanachama. Mwaka 1991 akajaza fomu, kwenye jina akaandika “R. Flint”. Ujanja mtupu, na mimi naupenda. Februari 1998 wanachama walipiga kura ya kuwakubali wanawake, theluthi mbili iliyotakiwa haikufika. Septemba wakapiga tena, ikapita. 1999 akaingia miongoni mwa wanawake kumi wa kwanza, na 2004 akachaguliwa kwenye kamati yao kuu.

Vipaji tunavyo. Kigali, 2019, Fatuma Kibasu wetu wa Tanzania aliipiga Mali mikimbio 108 bila kutolewa. Ninachokitafuta mimi ni mtu wa kubeba bahasha yenye barua ya kuomba udhamini na kupanda ngazi za ofisi za Samora, akiambiwa bosi hayupo arudi kesho.

Kwa hiyo, kabla hatujafungua maswali, naanza na langu kwa kamati: barua za kuomba udhamini wa timu ya mabinti anaziandika nani, na zinapelekwa kwa nani? Nitajiwe jina la mtu, siyo “uongozi unalifanyia kazi”.