Kunguru wa Poe na mizani zetu 16

Ahsanteni. Nyanyueni vidole. Nitasoma mshororo wa kwanza wa "The Raven", shairi la Edgar Allan Poe lililochapishwa New York Januari 1845, kwa Kiingereza chake. Nanyi hesabuni mizani, yaani silabi.

Ngapi? Naam, 16. Nane kwa nane, na kina cha ukwapi, nusu ya kwanza, kinaitikia kina cha utao, nusu ya pili! Huyu ni mzaliwa wa Boston, hakupata kukaa baraza moja na malenga wetu. Lakini msinielewe vibaya: vina vya kati vya namna hiyo viko mshororo wa kwanza na wa tatu, mingine hupungua silabi moja, na wa sita ni mkia tu, silabi saba. Huo mkia ndio kibwagizo, na unarudi beti zote 18.

Mwaka 1846 Poe alieleza alivyolitunga. Anasema alianza na sauti: "o" ndefu iliyoegemea "r". Ikampa neno "Nevermore", yaani "kamwe tena", kisha akatafuta kiumbe asiye na akili wa kulirudia bila kuchoka. Wa kwanza kumjia alikuwa kasuku. Kasuku, jamani, usiku wa manane, juu ya mlango wa mfiwa! Akambadilisha upesi kwa kunguru.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama hapo. Kunguru wetu wa pwani ni mdokozi wa samaki, na methali imemwita mwoga. Anayetusisimua usiku ni bundi. Ila bundi hafundishiki kusema, kwa hiyo mimi nabaki na kunguru. Neno lake ndilo taabu. "Kamwe" linakatika mapema mno. "Abadani" angalau lina mwangwi.

Hadithi zake nazo zina vibwagizo. Katika "The Tell-Tale Heart" ya 1843, muuaji amemficha mzee chini ya mbao tatu za sakafu. Wanakuja polisi watatu. Anawakaribisha, anaweka kiti chake papo hapo juu ya maiti. Wanapiga soga. Kisha anausikia moyo, mlio kama wa saa iliyofungwa kwenye pamba. Unapanda. Polisi wanatabasamu tu. Unapanda.

Mtu wa "The Raven" anamlilia mpenzi aliyekwisha kufa. Mke wa Poe, Virginia, alikuwa hai bado, anaumwa kifua kikuu. Alifariki Januari 1847.

Sasa nasoma ubeti wa mwisho kwa tafsiri yangu. Nikinyanyua mkono, kibwagizo ni chenu.