Majirani Wawili, Diwani Moja: Kusuka Riwaya ya Barua za Siri

REHEMA: Mbukwenyi wasikilizaji, karibuni. Leo ni riwaya ya mapenzi ya majirani wanaoandikiana bila kujuana. Kaka Yohana, msomaji wa hapa Dodoma hatafika ukurasa wa 10 kabla hajauliza: kwa nini wasipeane namba ya simu tu?

YOHANA: Na mwandishi awe na jibu. Kwetu namba ni jina. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ukitaka kutuma hela kwenye namba ya mtu, jina lake linatokea hata hujathibitisha muamala. Siku wakipeana namba, siri imekwisha. Kwa hiyo sura ya pili mmoja aombe namba, mwenzake akatae na aseme sababu. Sentensi mbili zinatosha.

REHEMA: Na posta?

YOHANA: Haisaidii. Mtumishi aliyehamia hapa na wizara yake anatumia sanduku la ofisi. Barua inapita masjala, inagongwa mhuri wa kupokelewa. Hapo siri iko wapi?

REHEMA: Ndiyo maana naipenda njia ya maktaba. Karatasi inakaa ndani ya diwani ya mashairi, nyuma kabisa, pale penye karatasi ya tarehe za kurudisha. Ila mwandishi apige hesabu. Tuseme kitabu kinaazimwa kwa siku 14. Kila barua inakula wiki mbili, kwa hiyo miezi sita inabeba barua 12 au 13. Nimeona miswada yenye barua 40 ndani ya msimu mmoja wa mvua. Haiwezekani.

YOHANA: Na diwani isiwe ya kiada! Kidato cha sita wakikaribia mitihani ya Mei, hicho kitabu hakikai rafuni.

REHEMA: Labda unataka kipotee. Barua kuangukia mkononi mwa mwanafunzi ni tukio zuri sana, mara moja tu. Ukilirudia, msomaji anaona mkono wa mwandishi.

YOHANA: Sasa twende kwenye mwandiko, maana hapa ndipo miswada mingi inapovunjika. Watu wanaishi ukuta kwa ukuta, mmoja hajawahi kuona mwandiko wa mwenzake?

REHEMA: Usikwepe hilo, litumie. Chukua nyumba ya kupanga Chang'ombe, vyumba sita, mita moja ya LUKU. Dada wa chumba namba 2 ndiye anayeandika orodha ya michango na kuibandika ukutani karibu na mita. Chumba 1, 7,000, amelipa. Chumba 5, 7,000, bado. Saba zake zina kistari katikati, na mkia wake umepinda kushoto. Saba hiyo tuione sura ya tatu ukutani, kama jambo la kawaida tu. Sura ya tisa tuione kwenye tarehe ya barua, 17 Februari, na asiwepo wa kuisemea. Wa chumba namba 5 aje kuitambua sura ya 14, akisoma deni lake.

YOHANA: Kumbe yeye ndiye "bado".

REHEMA: Ndiye. Na barua iliyotangulia ilikuwa inamlalamikia jirani asiyechangia umeme, huku taa yake inawaka mpaka saa nane usiku. Kumbe aliyekuwa anasemwa ni yeye!

YOHANA: Basi analipa siku hiyohiyo, na barua inayofuata inamsifu jirani aliyebadilika. Inapendeza, lakini hapo ndipo hatari. Mmoja anajua, mwingine hajui. Anamwona dada anafua uani, na anajua jana aliandika nini kuhusu marehemu mama yake. Mimi nampa barua mbili tu baada ya kugundua. Ya kwanza msomaji atamwelewa: ameogopa. Ya pili ameanza kuonja faida. Ya tatu ni udanganyifu, na hakuna msamaha wa sura ya mwisho utakaoufuta.

REHEMA: Mimi hata ya pili naikubali kwa shingo upande. Aidha akiri kwa mdomo. Barua inampa kichaka cha kujificha.

YOHANA: Hapo sikubaliani nawe, dada. Walipendana kwa maandishi. Aandike, ila aipeleke mwenyewe mlangoni na asimame pale mpaka isomwe.

REHEMA: Hiyo naichukua. Asikimbilie stesheni ya SGR tu kumwahi anayeondoka, maana huko bila tiketi na kitambulisho hapiti.

YOHANA: Na barua zenyewe ziwe fupi, maneno 150 hadi 250. Shaaban Robert na mdogo wake Yusuf Ulenge waliandikiana miaka mingi. Someni zile barua mwone mambo ya nyumbani na ya kazi yanavyobeba upendo bila neno upendo kutajwa kila mstari.

REHEMA: Dada naye apewe sura nzima ya hasira. Aibandue orodha ukutani, amkabidhi mpangaji mwingine kazi ya kuandika. Wiki mbili diwani ikae rafuni bila karatasi. Atakayeirudia kwanza awe yeye, kwa hiari yake.